Karani, Hilo Usiandike

Kesi ya jinai namba arobaini na moja,
Mahakama ya Hakimu Mkazi, Dodoma.
Mshtakiwa: Damari Chilongani, miaka sabini na moja,
muuguzi mstaafu, mkazi wa Kongwa.
Shtaka: kuzuia lango la wizara, Mtumba,
na kukaidi amri halali ya askari.
Haya niliyaandika.

Sikuandika kwamba alipopanda kizimbani
alisema "Mbukwenyi",
na nusu ya mahakama ikaitikia kabla haijajijua,
hata yule askari aliyemfungua pingu,
mtoto wa Mvumi, akainamisha kofia.

Kielelezo P1: mnyororo wa kufungia ng'ombe, mita mbili.
P2: kufuli. Ufunguo haukupatikana.
("Uliumeza?" aliuliza wakili wa serikali.
"Baba, siku hizi hata vidonge hunikwama.")
P3: kikombe cha bati, rangi ya bluu imebanduka,
chini yake herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari.

"Unakiri kujifunga langoni
siku ujumbe wa nchi ile ulipokuja kusaini?"
"Kitendo nakikiri. Kosa silijui."
Wakili akacheka kidogo. Hakimu hakucheka.

Akaeleza basi, polepole, kama mtu anayechambua mlenda:
mwaka wa sitini na tisa, kambini Kongwa,
kule Waingereza walikoacha karanga zao
na matrekta yao mabovu,
walikuja vijana ambao kwao kulikuwa kunawaka.
Mama yake akawasongea ugali wa uwele.
Mmoja akamwachia yeye kikombe: nitunzie, nakwenda nyumbani.
"Alikwenda. Kikombe hakijafuatwa.
Na sisi tulikuwa na njaa, Mheshimiwa, mtama debe moja,
na bado tulisema risasi ya kumwua mtoto wa mwenzio
haipiti mlangoni kwetu.
Leo mnasaini ipite,
tena ilipiwe ushuru..."

Karani, hilo usiandike, akasema hakimu. Ni siasa.

Nikainua vidole.
Feni ilikuwa inazunguka bila upepo.

"Ajibu: sheria aliivunja, hakuivunja?"
"Moto ukiwa kwa jirani na mlango una komeo,
anayevunja komeo mnamshitaki kwa wizi?"
"Nyumba hiyo iko maili elfu tatu."
"Moshi nimeuona. Kwenye simu ya mjukuu wangu.
Watoto wamepangwa sakafuni kama mahindi ya mbegu.
Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na sita,
namjua mtoto aliyelala,
namjua na ambaye hakulala."

Hilo nalo sikuandika. Hakuna aliyenikataza.

Utetezi wa ulazima, ikasemwa, unataka hatari iwe karibu.
Nilichapa kurasa tatu juu ya neno karibu:
karibu kwa hatua, karibu kwa saa,
karibu kama ilivyotafsiriwa na mahakama za juu.
Kwetu Chang'ombe ni neno la mlangoni,
mtu huambiwa aingie.

Hukumu: faini laki tatu, au jela miezi mitatu.
Wanawake wa kanisani kwake walishafungua mafundo ya khanga,
wanahesabu noti za elfu elfu.
Akawazuia kwa kiganja.
"Hiyo ni ada ya watoto. Desemba naingia, Machi natoka,
zabibu za mwanangu nitazikuta mtini."
Akamuaga hakimu kwa jina la ukoo wake,
na hakimu akatafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.

Amri ya mwisho: P1 na P2 vitaifishwe.
P3 kirudishwe kwa mwenyewe.
Mwenyewe nani, Mheshimiwa? nikauliza.
Akakiangalia kile kikombe. Akafunga faili.

Kipo masijala, juu ya kabati,
pale bati linapovuja.
Juzi mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha.
Asubuhi nimekuta kimejaa nusu.
Sijamwaga.